Mwanafunzi Aliyesema Sawa

Siku ile naikumbuka kwa tumbo, mwanangu, si kwa kichwa. Kichwa kimezeeka, kinatafuta miwani nyumba nzima kumbe nimeivaa. Lakini nikifikiria ule uwanja wa farasi kule juu Riat, mawingu yanaanza kujikusanya upande wa ziwa na watu wameshaketi kungoja, tumbo hili bado linajikunja. Basi weka simu chini umsikilize bibi yako. Nimeambiwa umepata cheti cha ualimu na kwamba tangu juzi unatembea umeinua pua. Hongera, kweli nimefurahi. Sasa kaa hapa karibu, maana nina neno na wewe kabla hujakabidhiwa watoto wa watu.

Vijana wengi hawaamini kwamba Kisumu palikuwa na farasi. Wanajua samaki, wanajua joto, basi. Lakini miaka ile, wakati gugu maji lilipoanza kuziba ufuo wa Dunga na mama zetu wakawa wanaamka bila kujua kama mashua zitatoka, kulikuwa na kilabu kidogo cha kupanda farasi kwenye mteremko wa Riat. Walikiweka huko juu kwa sababu ya hewa. Huku chini kwenye joto kuna vidudu vinavyouma farasi na kumletea homa mbaya. Leo anakula nyasi vizuri, kesho amelala chali. Waliokuja kupanda walikuwa watoto wa Wahindi wa mjini, mameneja wa viwanda vya sukari, daktari mmoja mmoja. Mimi nilifika pale na karai la samaki kichwani. Mama yangu alikuwa anauza ngege na mbuta Dunga, na jiko la kilabu lilikuwa mteja wake.

Nilitumwa kupeleka samaki tu, mwanangu. Nikamwona yule mnyama, mkubwa, anapumua kama mtu anayewaza, nikasimama kwenye ua wa mbao mpaka nzi wakanizunguka. Mwanamke wa Kihindi mwenye kofia kubwa akanijia, akaniuliza kwa Kijaluo safi, "Nyar Dunga, unataka nini hapa?" Nyar Dunga ndiyo binti wa Dunga, na jina hilo halikunitoka tena. Nikamwambia nataka kumshika. Akanitazama kutoka miguuni mpaka kichwani, akasema, "Peleka samaki jikoni, nawa mikono, urudi."

Huyo ndiye Madam Zarina, mwalimu wangu. Alizaliwa Kisumu, baba yake akiwa na duka mjini, na Kijaluo chake kingekutia aibu wewe uliyekulia kwa simu. Akikukasirikia alianza na Kiswahili, akaongeza Kigujarati, na ukisikia Kijaluo kimeingia ujue umekwisha. Alikuwa amekwenda Uingereza kusomea ualimu wa kupanda farasi, akapanda daraja moja baada ya jingine mpaka lile la juu kabisa, ambalo nchi nzima waliokuwa nalo walikuwa wachache sana. Lakini vyeti vyake hukuviona ukutani. Ukutani alitundika picha ya farasi mmoja wa zamani na kalenda ya kiwanda cha sukari.

Nilianza kwa kuzoa samadi. Nikafika kwenye kuosha kwato, nikafika kwenye kupanda, nikafika kwenye kumsaidia kufundisha. Suruali za kupandia nilinunua za mtumba pale soko la Kibuye, zilizobana, na nikipita nazo ufuoni wauza samaki walikuwa wanapiga makofi. "Tazameni, Peresi huyo! Huyu atatuzalia punda!" Mama alicheka nao mchana. Nyumbani aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kwamba mwanamke anayekaa hivyo juu ya farasi hapati watoto. Nimezaa, na nikazaa tena, asanteni.

Madam alikuwa mkali, yawa! Alinifundisha kwamba farasi ni mjanja: ukimfunga mkanda wa tandiko yeye hujaza tumbo pumzi, wewe unadhani umekaza, kumbe ukimtembeza kidogo anapumua na mkanda unalegea, na tandiko linageuka na mtu juu yake. Kwa hiyo unafunga, unamtembeza, unakaza tena. Kila mara, hata ukiwa na haraka, hata akiwa farasi mpole kama kuku. Mimi nikawa hodari wa hayo yote. Ya vitabu niliyajua, ya mikono niliyajua, na kupanda nilipanda vizuri kuliko mameneja wale, ingawa hakuna aliyelisema hilo kwa sauti.

Kisha likaja la kuja. Madam Zarina akatuambia anahama. Mumewe alikuwa amefariki, mabinti zake walikuwa Kanada na walimtaka huko. Kamati ya kilabu ikakaa ikaamua hivi: bila mwalimu mwenye cheti hakuna masomo, na bila masomo farasi watauzwa, waende zao Nanyuki. Na mtu pekee aliyekuwa karibu na cheti alikuwa mimi. Nikipita mtihani, ningekuwa mwalimu na farasi wangebaki. Nikianguka, ningerudi kwenye karai, na wale wanyama niliojua mpaka wanavyokohoa wangepakiwa kwenye lori.

Tangu siku hiyo chakula kilikataa kushuka. Nilikuwa nikifunga mlango wa banda, nafika barabarani, narudi kuhakikisha nimeufunga. Nilikuwa naota nimepanda farasi halafu nikitazama chini naona sina mikono. Mama akaanza kunipikia uji wa wimbi kama mgonjwa, na kanisani akina mama wakaanza kufunga kwa ajili yangu. Unajua inavyokuwa watu wakikuombea sana. Unashukuru, na papo hapo unatamani wangenyamaza, maana sasa ukianguka hutaanguka peke yako.

Mtihani wenyewe ulikuwa hivi. Mkaguzi anatoka Nairobi. Anakuuliza habari za kwato na chakula na magonjwa, unapanda farasi mbele yake, halafu, na hapo ndipo wengi walipokwama, unamfundisha mtu mzima aliyeanza majuzi tu mpaka aweze kwenda mbio ndogo. Mkaguzi akiridhika anatia sahihi. Sahihi ya pili ni ya mwalimu wako mwenyewe, kuthibitisha kwamba unaweza kuachwa peke yako na roho ya mtu. Hiyo ya pili sikuihangaikia hata kidogo. Si ni Madam wangu?

Shida ilikuwa huyo mtu mzima. Mtu mzima wa Kisumu, mwenye akili zake, apande juu ya farasi bila sababu? Wapi! Nilimwomba mjomba, akaniuliza kama namtakia mema. Mwisho mama akamwendea Mzee Owuor, mzee wa kanisa letu, mstaafu wa reli, mtu wa kuvaa suti nzima hata kwenye jua la Februari. Kijiji kizima kilimheshimu. Mzee Owuor akasikiliza, akavua miwani akaifuta, akasema, "Kama ni masomo ya mtoto, mimi niko tayari."

Akaja Riat na suti yake na viatu vilivyong'aa. Nikampa farasi aliyeitwa Simiti, wa rangi ya kijivu, mpole, mvivu, mpenda ndizi. Wiki hizo Madam alikuwa Nairobi akihangaikia karatasi za safari, kwa hiyo nilimfundisha peke yangu. Na alikuwa mwanafunzi wa ajabu! Nikimuuliza, "Mzee, uko sawa?" ananijibu, "Sawa, Madam." Aliniita Madam, mimi aliyenibeba nikiwa na kamasi. "Umeelewa, Mzee?" "Nimeelewa kabisa." Hakulalamika, hakuuliza swali. Nikajiambia Mungu amenipa mwanafunzi bora Nyanza nzima.

Sasa hebu fikiri, mwanangu, wewe si mgeni hapa. Sisi watu wa huku tukiulizwa na mwenyeji kama tumeshiba, tumeshiba. Daktari akiuliza kama tumeelewa, tunasema ndiyo, kisha tunamuuliza nesi nje. Je, mwanamume mwenye mvi, mzee wa kanisa, atamwambia msichana kwamba anaogopa? Tena mbele za watu? Afadhali azame. Mimi nilizaliwa ndani ya adabu hiyo, niliijua kama njia ya kisimani, na bado nilipovaa ualimu sikuiona tena.

Siku ya mtihani akina mama wa kanisa walikuja na leso zao, wakaketi kwenye kivuli cha banda wakiimba nyimbo taratibu. Mkaguzi alikuwa mtu mrefu, aliyekuwa zamani polisi wa farasi, masharubu yake utafikiri yamepigwa pasi. Madam Zarina aliketi kando yake na chupa yake ya chai ya tangawizi. Upande wa ziwa mbingu ilikuwa inakuwa nyeusi, na unajua mvua ya alasiri ya Kisumu haibishi hodi. Nilikaza mkanda wa Simiti, nikakaza tena, nikatembea hatua mbili nikarudi kuushika tena mpaka Simiti akageuza shingo kunitazama.

Maswali nikayajibu. Kupanda nikapanda. Akaja Mzee Owuor, nikamsaidia kupanda, tukaanza kwa kutembea, tukaingia mwendo wa kudundadunda. Upepo ukaja. Bati la banda likapiga, paa! Simiti akainua masikio, akatulia. Nikamuuliza, "Mzee, uko sawa?" Akasema, "Sawa, Madam." "Twende mbio ndogo?" "Sawa."

Na tukaenda. Simiti akazunguka uwanja kwa mbio nzuri, za kubembea, na Mzee Owuor juu yake, wima kama nguzo ya stima. Akazunguka tena. Akina mama wakapiga vigelegele, mama yangu akasimama akilia. Mkaguzi akaitikia kwa kichwa, akaandika. Nikasimamisha farasi. Nilikuwa nimemaliza, mwanangu!

"Mzee, shuka sasa," nikamwambia.

"Sawa," akasema. Lakini hakusogea.

Nikarudia. Akasema sawa tena, macho yakitazama mbele. Nikaona Madam Zarina ameinuka kwenye kiti chake, anakuja, hakimbii lakini hatua zake ni ndefu. Akafika, akaweka mkono juu ya mikono ya Mzee. Vidole vilikuwa vimekamata manyoya ya shingo ya Simiti na havikufunguka. Madam akavifungua kimoja kimoja, akimsemesha Kijaluo polepole kama unavyomsemesha mtu aliye na homa. Halafu akavua koti lake, akamshusha huku amelifunga kiunoni mwa Mzee, akapaza sauti: "Mvua! Ingieni ndani wote, mvua imekuja!" Mvua haikuwa imekuja. Tandiko lilikuwa limelowa. Nilijiambia ni jasho.

Tulipokaa ofisini, mkaguzi alitia sahihi yake bila kusita, akamsukumia Madam kalamu. Madam akaishika, akaitazama, akaiweka mezani.

"Bado," akasema.

Mkaguzi alishangaa. "Bado nini, Madam? Msichana amefanya kila kitu."

"Ndiyo. Amefanya kila kitu peke yake. Mwanafunzi hakuwepo."

Mwanangu, sijui kama umewahi kukataliwa na mtu unayempenda, mbele ya mgeni. Masikio yanaziba. Nilimfuata Madam mpaka chumba cha matandiko nikamlipukia. Nikamwambia anaondoka kwenda Kanada kula raha na ananiacha na aibu. Nikamwambia farasi watauzwa na ni yeye aliyewauza. Nilisema na mengine ambayo sitayarudia. Akanisubiri mpaka pumzi zikaniishia, akanivutia ndoo nikae.

"Uliuliza mdomo wake," akasema. "Mdomo wa mtu una adabu, Nyar Dunga, hasa wa mtu kama Owuor. Miguu haina adabu, na pumzi nazo hazina. Ulimwona akipumua? Kutoka ile kona ya mti mpaka ile ya lango, ulimwona akipumua hata mara moja?"

Sikumwona. Nilikuwa namtazama mkaguzi.

"Kama Simiti angeshtuka na lile bati," akaendelea, na sasa Kijaluo kilikuwa kimeingia, "ungewarudishia akina mama wale mzee wao namna gani? Ungewapa cheti wakizike?"

Akaniambia kwamba kule Uingereza yeye mwenyewe alikataliwa, na aliyemkataa ni mwanamke aliyemlea kama binti. "Nilimchukia sana. Nilimwita kila jina. Baadaye nikaanza kufundisha watoto, na kila jioni nikiwarudisha kwa mama zao wazima, namkumbuka. Kama ningekuonea huruma leo, mimi ningekuwa Kanada, na wewe ndiye ungelia huku peke yako." Ndiyo ile wanayosema wahenga, mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini mimi siku hiyo sikutaka wahenga wala mtu mwingine. Niliteremka Riat kwa miguu mvua ikininyeshea na sikumsalimia mtu njiani.

Kesho yake nikaenda kwa Mzee Owuor, Nyamasaria. Sikuenda kumpa pole, usinifikirie mema. Nilienda kumwomba akamwambie Madam kwamba alikuwa mzima, kwamba alifurahia, ili atie sahihi. Nilimkuta sebuleni amevaa suti, viganja vimepakwa dawa mahali kucha zake zilipoingia ndani ya nyama. Mkewe alileta chai akaondoka bila kunitazama, nami nikaeleza shida yangu yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nyathina," akasema, yaani mtoto wangu, "mimi tangu nizaliwe sijawahi kuogopa hivyo. Siku ya kwanza mpaka ya jana. Nikijua kesho nakuja huko kwako, chakula natapika."

"Sasa kwa nini hukuniambia, Mzee?"

Akacheka kidogo, cheko la kuchoka. "Ningekuambia aje? Mama yako aliniomba. Kanisa imefunga kwa ajili yako. Na wewe kila saa unaniuliza, Mzee, uko sawa? Mdomo inauliza, lakini hiyo macho yako inaniomba niseme sawa. Sasa mimi nifanye nini? Nikasema."

Chai yangu ilipoa mkononi. Niliona zile siku zote tena, kila "sawa, Madam," na mara hii nikamwona yeye, jasho kwenye ukosi, midomo ikitembea kimyakimya. Alikuwa akisali juu ya farasi wangu. Mtu mzima alikuwa tayari kuvunjika shingo ili mimi nisivunjike moyo, na mimi nilikuwa najisifu kwamba najua kufundisha. Nililia pale sebuleni mpaka mkewe akarudi kuona kuna nini.

Nikarudi Riat, naye Madam akaahirisha safari yake ili niurudie mtihani. Mabinti walipiga simu wakalalamika, kamati ikanung'unika, na mnunuzi mmoja wa Nanyuki akaja kabisa kuwakagua farasi meno. Wiki zile ndizo zilikuwa mbaya kuliko zote, maana sasa nilijua ninachokitafuta na sikujua kama nitakipata. Madam alinikataza kabisa kuuliza "uko sawa". Nikilisema alipiga mbao kwa fimbo. Alinifundisha kumtazama mwanafunzi kwa nyuma, mabega yanavyopanda, na kutembea kando ya farasi mkono ukiwa begani mwa mnyama, kwa sababu farasi husikia woga wa mtu kabla yako na ngozi yake hukuambia. Kisha akanipa dawa moja chungu. "Anza wewe," akasema. "Mwambie unaogopa nini leo. Mkubwa akivua kofia, mdogo naye atavua." Nilikataa. Mwalimu aseme anaogopa? Akaniambia mficha uchi hazai, na mficha woga hafundishi. Ya pili nadhani alijitungia.

Nilitafuta mwanafunzi mwingine. Mzee Owuor akakasirika. Akaja mwenyewe Riat, safari hii bila tai, akasema alianza kazi na ataimaliza. Tukaanza upya, chini, kwa kumpa Simiti ndizi tu. Siku nyingine hakupanda kabisa. Nilimwambia, "Mzee, leo naogopa upepo," naye anajibu, "Mimi naogopa huko juu kwenyewe," tunacheka, tunamtembeza Simiti kwa kamba kama mbuzi. Mwendo wa kudundadunda ukaja polepole. Mbio hazikuja mpaka siku ya mtihani ikafika.

Mkaguzi ni yuleyule. Akina mama Mzee aliwaambia wabaki kanisani waombe huko huko. Tulitembea, tukadunda, vizuri tu. Halafu mkaguzi akapaza sauti, "Sasa mbio ndogo." Nikaenda nikasimama kando ya Simiti, nikaweka mkono shingoni mwake. Nilijua kilichopo. Lori lilikuwa linangoja jibu langu. Na bado, mwanangu, kitu kibaya ndani yangu kilitaka kuinua macho na kumwomba yule mzee aseme neno moja tu.

Nikatazama chini, nikasema, "Mzee, mimi tumbo linaniuma kwa woga. Lako je?"

Akamtazama mkaguzi. Akamtazama Madam. Halafu mzee wa kanisa, mtu wa suti, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka bandani, "Linauma. Mbio sitaki leo. Naogopa."

"Basi hatukimbii," nikasema. "Tutembee." Na tukatembea. Machozi yalikuwa yananitoka, kwa sababu nilidhani nimewauza farasi kwa mkono wangu mwenyewe, lakini nilimsikia Mzee huko juu anavuta pumzi ndefu na kuitoa, na Simiti akashusha shingo. Tukazunguka uwanja mzima hivyo. Alipotaka kushuka alishuka mwenyewe.

Ofisini mkaguzi alifunga kalamu yake. "Mwanafunzi hakukimbia," akasema. "Masharti yanasema mbio ndogo."

Madam Zarina alikuwa ameshainama juu ya meza. Alikuwa ameshatia sahihi kabla hatujarudi. Akamsukumia karatasi. "Wewe umefundisha miaka mingapi?" akamuuliza. "Umewahi kumfanya mtu kama huyu aseme naogopa, mbele yako na mbele yangu?"

Mkaguzi akatazama nje, alipokuwa Mzee Owuor anampa Simiti ndizi na kumsimanga kwa ulafi. Mimi nilikuwa nimeshika ukuta. Kisha akafungua kalamu.

Farasi walibaki. Madam akaenda Kanada, na Mzee Owuor akaja kukimbia na Simiti miezi baadaye, siku ambayo hapakuwa na mtu, akashuka akicheka mpaka akaketi kwenye nyasi. Habari hizi zote, pamoja na lile koti, aliwahi kuzisimulia mwenyewe kanisani akiwa mzee sana, akasema na mimi niwe nazisimulia. Ndiyo maana unazisikia.

Sasa nasaha yangu ni hii, mwanangu, nami naisema wazi usije ukasingizia kwamba bibi alizungukazunguka. Cheti ni kitu kizuri, usimsikilize anayekidharau. Madam wangu alikuwa navyo vya juu, na ujuzi wake ndio uliookoa shingo ya mtu. Lakini mtu anayekutegemea atakuambia sawa kwa sababu anakuheshimu, au anakuogopa, au anakupenda, na hiyo ya tatu ndiyo hatari kuliko zote. Usimuulize swali ambalo umeshamwonyesha jibu lake. Mtazame miguu, msikilize pumzi, mwambie woga wako kwanza, kisha umpe nafasi ya kusema hapana bila kuona aibu, hata kama hiyo hapana itakugharimu kitu unachokitamani usiku na mchana. Na mwalimu wako akikuambia bado, kasirika, lia, hata umtukane kimoyomoyo, lakini kesho yake rudi.

Mungu akupe wanafunzi watakaothubutu kukukatalia, na akupe macho ya kuwaona wanaoshindwa kuthubutu. Akuweke karibu na mtu mmoja anayekupenda kiasi cha kukuzuia. Na kila jioni ya maisha yako, wote uliokabidhiwa warudi kwa mama zao wazima. Amina, mwanangu. Nenda ukafundishe.